ELIMU YA MAWE: Jiwe Jeusi Lisilomngoja Mwokotaji

Magadi si kitu kigeni kwa watu wa nchi hizi. Mpishi hutia chembe yake katika maharagwe makavu ili yaive upesi. Mzee apendaye ugoro huyasaga pamoja na tumbaku. Mfugaji wa Bonde la Ufa hupeleka ng'ombe wake kulamba udongo wenye magadi, akijua ya kuwa wanyama wasipoyapata hudhoofika. Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya kuyachota katika Ziwa Magadi, kusini ya Nairobi, na reli ikajengwa mpaka huko kwa ajili yake. Walakini mtu akiambiwa ya kuwa uko mlima unaotapika magadi yenyewe, yakiwa ya moto, yakitiririka kama maji ya mfereji, atadhani ni hadithi ya kuwalazia watoto.

Mlima huo upo, wala hauko mbali. Ni Ol Doinyo Lengai, ambao kwa lugha ya Wamasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Umesimama peke yake kaskazini mwa Tanzania, kusini ya Ziwa Natron, na siku ambayo hewa ni safi huonekana kutoka upande wa Kenya, kilele chake kikimeta weupe kama kwamba kina theluji. Si theluji. Ni magadi.

Milima mingine ya moto, kama ile iliyomwaga mawe meusi yaliyoenea Bonde la Ufa, hutoa zaha, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, yenye silika nyingi, kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Zaha hiyo hutoka ikiwa na joto la digrii 1,100 au 1,200 za sentigredi, ikang'aa nyekundu na manjano. Ya Lengai ni namna nyingine kabisa. Joto lake ni kati ya digrii 500 na 600 hivi. Silika karibu haimo. Karibu thuluthi ya uzito wake ni oksidi ya sodiamu, na iliyobaki zaidi ni chokaa, potasiamu na hewa ya ukaa iliyoshikana navyo. Kwa kuwa joto lake ni dogo, mchana haing'ai. Huonekana nyeusi tu, mithili ya mafuta machafu ya gari, na mpaka usiku uingie ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Ni nyepesi kutiririka kuliko zaha nyingine zote zilizopata kupimwa, na katika milima yote ya moto iliyo hai leo duniani hapana mwingine ujulikanao kutoa zaha ya namna hii.

Ndani ya zaha hiyo mna madini mawili ambayo kila mwenye kupenda mawe hutamani kuyaona. La kwanza ni nyerereiti, lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. La pili ni gregoriti, kwa heshima ya J. W. Gregory, Mwingereza aliyesafiri katika nchi hizi mwaka 1893 kuchunguza Bonde la Ufa, akaandika kitabu juu yake kilichotolewa mwaka 1896. Yeye ndiye aliyelieneza jina hilo la Bonde la Ufa ambalo sasa kila mtoto wa shule hulisoma katika jiografia. Nyerereiti ni karbonati ya sodiamu na kalsiamu. Gregoriti ni karbonati ya sodiamu hasa, pamoja na potasiamu na kalsiamu kidogo. Si dhahabu, wala hakuna sonara atakayeyanunua. Thamani yake ni ile ya ushahidi, na mahakama yenyewe ilikuwa ndefu.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu ya mawe fulani yaitwayo karbonatiti. Mawe haya yanafanana na chokaa, lakini hupatikana katikati ya mizizi ya milima ya moto iliyokwisha kufa. Nchi ya Kenya inayo mengi: katika mlima wa Homa, katika vilima vya Ruri kando ya Ziwa Viktoria, na katika kilima cha Mrima upande wa pwani. Mwaka 1921 mtaalamu wa Norway, W. C. Brøgger, alisema ya kuwa mawe hayo yaliwahi kuwa uji wa moto. Wengine, na miongoni mwao R. A. Daly wa Marekani, hawakukubali. Chokaa, walisema, huungua ikawa unga kabla ya kuyeyuka, kama ajuavyo kila mwashi. Basi yamkini ni mawe ya chokaa ya kawaida yaliyonaswa na kubebwa na zaha nyingine. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Ilikosa jambo moja tu: hapana mtu aliyekuwa amesimama mahali na kuiona zaha ya karbonati ikitoka ardhini.

Na Lengai, wakati huo wote, ilikuwa imesimama mahali pake. Wasafiri wa mwanzo wa karne ya 20 waliupanda mlima wakaona weupe wa magadi. Mlima ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka tena mwaka 1940 na 1941, na majivu yakafunika malisho. Weupe uliandikwa katika taarifa zao, ukaelezwa kuwa ni chumvi iliyoletwa juu na mvuke au iliyooshwa kutoka katika mawe. Jambo ambalo halikuwa limetambuliwa ni kwamba weupe huo jana yake ulikuwa mweusi, na juzi yake ulikuwa ukitiririka.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1960 mtaalamu wa mawe J. B. Dawson na wenzake waliingia katika kasoko, yaani lile shimo la juu ya mlima, wakakuta zaha nyeusi mbichi. Vipande vilipopimwa, vilionekana kuwa karbonati ya sodiamu. Habari hiyo ilitolewa katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature mwaka 1962, na tangu hapo ule ubishi ulianza kupoa. Mwaka ule ule wa 1960 wataalamu wawili wa maabara, O. F. Tuttle na P. J. Wyllie, walikuwa wameonyesha ya kuwa chokaa iliyochanganyika na maji chini ya kani kubwa huyeyuka kwa joto dogo kuliko ilivyodhaniwa. Ushahidi wa chunguni na ushahidi wa mlimani ukakutana.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa mlima ulikuwa ukitoa jiwe hili, na watu walikuwa wakipanda, mbona lilichelewa kutambuliwa? Jibu ni kwamba jiwe hili halimngoji mtu. Nyerereiti na gregoriti haziwezi kukaa pamoja na maji. Si lazima iwe mvua. Unyevu wa hewa ya asubuhi watosha. Kwa saa chache tu mistari myeupe hutokea penye nyufa na katika kingo za mkondo uliopoa. Baada ya siku chache uso wote huwa wa kijivu, kisha mweupe, kisha hubomoka ukawa unga. Mvua ikinyesha, mabadiliko hayo hayangoji hata jioni. Gregoriti huyeyuka kwanza. Nyerereiti huachana na sodiamu yake kidogo kidogo, mahali pake pakaja madini mengine yenye maji ndani yake, kama pirsoniti na geilusiti, na mwisho wa yote hubaki chokaa tupu. Mtu aliyefika juma moja baadaye huokota kitu kingine kabisa, akakipeleka nyumbani kwa furaha, na asijue ya kuwa amebeba kaburi, maiti alikwisha kwenda.

Kwa hiyo kazi ya mwokotaji wa mawe katika Lengai haifanani na kazi yake mahali pengine. Kule Uganda, madini ya kalsiliti yaliyotambuliwa mwaka 1942 katika zaha za kale za magharibi ya nchi yalikuwa yamekaa katika mawe yake kwa maelfu ya miaka, na yangaliweza kungoja elfu nyingine. Hali kadhalika yale madini ya mlima wa Shaheru, ubavuni mwa Nyiragongo katika Kongo, ambako Th. G. Sahama wa Finland na wenzake walitambua madini mapya kadhaa katika miaka ya 1950. Moja walilipa jina la A. D. Combe wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, likaitwa kombeiti, na baadaye likaonekana katika mawe ya Lengai pia. Hayo ni adimu kwa sababu ni machache na ni madogo, macho hayayaoni bila darubini. Mwokotaji wake huhitaji nyundo, mfuko, na subira. Mwokotaji wa nyerereiti huhitaji nyundo, chupa, na saa ya mkononi.

Chupa ni jambo la kwanza. Huandaliwa nyumbani, si mlimani. Zile chupa za kioo za dawa, zenye kifuniko cha kuzungusha, zafaa sana. Zioshwe, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa, kisha zifungwe zingali na joto. Ndani hutiwa kifuko cha zile punje zinazonyonya unyevu, ambazo siku hizi huja katika makasha ya viatu vipya na katika chupa za vidonge. Watu huzitupa, na mwokotaji mwenye akili huziomba. Mfuko wa kitambaa haufai. Karatasi ya gazeti haifai peke yake. Kubeba kipande mkononi ni kosa kubwa, kwani jasho la kiganja ni maji kama maji mengine.

Jambo la pili ni mwendo. Wapandaji wa Lengai huondoka chini usiku wa manane, ili wapite ubavu mkali wa mlima kabla jua halijawa kali, wakafika juu alfajiri. Kiongozi huwa ni mwenyeji wa huko chini, kijiji cha Engare Sero, na mtu mwenye busara humsikiliza yeye kuliko ramani, kwa maana ramani ya kasoko hii huzeeka upesi. Tangu mwaka 1983 zaha ilikuwa ikitoka mara kwa mara na kuijaza kasoko ya kaskazini taratibu, kama maji yanavyojaza beseni, hata mwaka 1998 ikaanza kumwagika juu ya ukingo na kushuka ubavuni. Katika miaka hiyo watu waliweza kutembea juu ya sakafu yake. Mwezi wa Julai 2007 ardhi ya pande hizo ilitetemeka siku nyingi, na tetemeko moja lilisikika mpaka Nairobi, watu wakatoka mbio katika majumba marefu. Septemba mwaka ule ule mlima ukalipuka, ukaendelea hadi mwaka 2008, na sakafu yote ile ikarushwa hewani. Palibaki shimo refu lenye kuta zinazobomoka. Zaha nyeusi ilirudi baadaye kutoka chini ya shimo, lakini kushuka kuifuata ni kuomba msiba; aliye ukingoni na akaridhika na darubini amefanya vyema. Mwenye bahati huokota vipande vilivyorushwa nje, au hufikia mkondo uliopita nje ya ukingo.

Kwa jinsi hiyo, ujuzi wa kutambua kwa macho ndio unaomwokoa mtu na kazi bure. Kitu cha kwanza kionekanacho huko juu ni vichuguu. Zaha hii, inapochemka na kurukaruka kutoka katika tundu dogo, hujijengea mnara wenye kuta nyembamba, ambao mtu wa Ukambani akiuona atatafuta mchwa. Vingine huwa virefu kuliko nyumba. Ndani yake huning'inia vijiti vyeupe vya magadi, vizuri kwa macho, navyo vimemdanganya mwanafunzi mmoja baada ya mwingine kudhani amepata kitu adimu. Vijiti hivyo ni trona na jamaa zake, yaani magadi yale yale ya Ziwa Magadi, yaliyofanyika kwa maji na mvuke baada ya zaha kupoa. Asiyeshiba uzuri na achukue kimoja, lakini asipande mlima kwa ajili ya kitu kinachouzwa sokoni kwa kipimo cha kopo. Tena kichuguu chenyewe kisiegemewe, kwa maana ukuta wake ni mwembamba na ndani yaweza kuwa mna zaha ya moto.

Lililo adimu ni lile lisilopendeza. Mwokotaji hutafuta mkondo mweusi au wa kijivu cheusi, usio na doa jeupe hata moja. Akiukuta unayo mistari, huangalia kama ndani bado ni mweusi, akavunja ukoko na kuchukua moyo wa jiwe. Kisha huweka kioo cha kukuzia machoni, kile cha mara 10. Ikiwa jiwe ni bichi, ataona katika unga mweusi mambo mawili. Mna vibamba vyembamba vyenye kumeta, vilivyolala upande mmoja kama magamba ya samaki, au kama makapi ya mpunga yaliyoelea juu ya maji yakasukumwa na upepo. Hivyo ni nyerereiti. Katikati ya vibamba mna punje za mviringo, umbo lake kama ulezi. Hizo ni gregoriti. Vibamba na punje, hizo ndizo alama. Asiyeviona vyote viwili asiandike jina, na hata aliyeviona huandika kwa penseli tu, kwa sababu hukumu ya mwisho hutolewa na mashine ya eksirei katika maabara.

Yako mawe meusi mengine huko juu, nayo ni mengi kuliko haya. Hayo ni ya kuta za kale za mlima, yenye silika, na hutambuliwa kwa uzito na ugumu. Jiwe la karbonati ni jepesi mkononi na kisu hulikwaruza bila shida. Lile lingine humrudishia mtu kisu chake kikiwa butu. Mwenye tone la asidi hafifu huliweka juu ya kipande asichokihitaji: karbonati hutoa povu. Ndimu hutosha ikiwa asidi haipo. Ila povu lisimpe mtu kiburi, kwa sababu magadi meupe hutoa povu, na chokaa hutoa povu, na hata ganda la konokono hutoa povu. Asidi yasema hili ni karbonati, haisemi ni karbonati gani. Kipimo kingine ni maji yenyewe, yule adui: chembe moja ikitiwa katika kikombe cha maji safi, sehemu yake huyeyuka, na chini hubaki ungaunga mweupe wa chokaa. Jiwe la silika hukaa kikombeni kama lilivyo. Kuna wazee wa fani hii waliozoea kuonja kila kitu kwa ulimi. Hapa haifai. Zaha ya Lengai ina florini nyingi, na ni florini hiyo hiyo iliyomo katika maji na magadi ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, inayowatia watoto madoa ya kahawia katika meno na, ikizidi, kuharibu mifupa.

Zaha ikiwa bado inatoka na mahali ni salama, huchotwa kwa upawa wa chuma wenye mpini mrefu, huachwa ipoe juu ya jiwe kavu kwa dakika chache tu, ikatiwa chupani, kifuniko kikafungwa, na mdomo wa chupa ukazibwa kwa nta ya mshumaa. Nusu saa ya kupiga picha na kusimuliana yatosha kuharibu yote, hasa asubuhi ya ukungu.

Kisha huja kazi ambayo karani ataielewa kuliko mpanda mlima. Chupa isiyo na kibandiko ni kama barua isiyo na namba ya faili. Imo ofisini, lakini haipo. Juu ya kila chupa, na tena katika daftari, huandikwa siku, mahali, kichuguu au mkondo uliotoka, rangi ya jiwe lilipookotwa, hali ya hewa, na saa. Katika mawe ya nchi nyingine saa haina maana. Hapa ina maana kuliko yote, na saa ni mbili: saa ambayo zaha ilitoka, ikiwa kuna aliyeiona, na saa ambayo kifuniko kilifungwa. Mtaalamu atakayeifungua chupa hiyo baada ya miaka 10 atapenda kujua jiwe lilikaa hewani muda gani. Akijua, doa jeupe atakaloliona litamfundisha kitu, na asipojua litamfadhaisha tu. Watu wawili hufanya kazi hii vyema kuliko mmoja, mmoja akichota na mwingine akiandika, na anayeandika asione haya kumwuliza mwenzake mara mbili.

Hatari ya mwisho haiko mlimani bali katika maabara yenyewe. Mawe yote hukatwa kwa msumeno unaopozwa na maji, kisha husuguliwa kwa unga na maji mpaka yawe membamba ya kupitisha nuru chini ya darubini. Fundi asiyeambiwa atalikata na hili vivyo hivyo, na kile kilichookolewa kwa safari ya usiku kucha kitashuka katika mtaro wa kuoshea vyombo. Jiwe la Lengai hukatwa kwa mafuta ya taa au spiriti. Maneno hayo, ya kuwa lisiguswe na maji, yafaa yaandikwe kwa wino mwekundu juu ya chupa, kwa herufi kubwa, hata fundi akicheka.

Si halali kuokota na kuvuka mpaka nayo mfukoni. Katika Tanzania na katika Kenya pia madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, na katika Kenya jambo hilo limeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010. Anayetaka kuchukua vipande kwa ajili ya elimu huomba kibali kwanza, na anayetaka kuvitoa nje ya nchi huomba kibali kingine. Wenyeji nao huulizwa, kwani Mlima wa Mungu si jina la mapambo kwao. Watu huja kuomba dua chini yake, kuomba mvua na watoto.

Baada ya nyerereiti kujulikana, wataalamu walianza kuitafuta mahali pengine, na wameiona, lakini ni chembe ndogo mno zilizofungiwa ndani ya madini mengine, ambamo maji hayakuweza kuingia. Zimeonekana hata ndani ya almasi za Juina katika nchi ya Brazili. Huo ni ulinzi mzuri kuliko chupa yo yote.

Iko habari moja iwahusuyo wakulima wa magharibi ya Kenya. Chini ya mlima wa Tinderet, upande wa Koru na Songhor, ambako yalipatikana mafupa ya yule nyani wa kale aitwaye Proconsul, mna majivu ya volkano yaliyogeuka mawe, umri wake karibu miaka milioni 20. Ndani ya majivu hayo mna vipande vya zaha vilivyorushwa na mlima wakati ule. Vyote ni chokaa sasa, na mtu angeweza kuvipita akidhani ni chokaa ya kawaida. Mwaka 1984 T. Deans na B. Roberts walitoa maandiko ya uchunguzi wao juu ya vipande hivyo. Walikuwa wameviangalia kwa makini, wakakuta chokaa hiyo haikukaa ovyo: ilikuwa imejipanga katika vibamba vyembamba, vimelala upande mmoja. Ni vile vibamba vya Lengai. Wao walihukumu ya kuwa hapo zamani vilikuwa nyerereiti, kwamba Tinderet nayo iliwahi kutapika magadi, na kwamba mvua za zama hizo zilichukua sodiamu yote zikaacha umbo peke yake. Mashamba ya miwa yamekaribia mahali hapo, na baada ya kulima, kokoto hizo nyeupe hulala juu ya udongo mwekundu. Mwenye kioo cha mara 10 aweza kuziangalia bila kupanda mlima wo wote.